Nyasi, Vifaru na Hima: Somo Juu ya Kurudisha Wanyama Wakubwa Katika Malisho



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo: wahariri wamenipa ukurasa wa darsa wa toleo hili na wameniachia nichague mada. Nimechagua nyasi. Najua wapo watakaofunua ukurasa unaofuata, lakini naomba mnivumilie kidogo.

Mwezi Novemba 2021 ndege ya Boeing 747 ilileta Rwanda vifaru weupe 30 kutoka Phinda, Afrika Kusini, wakapelekwa Hifadhi ya Akagera. Safari nzima, tangu kupakiwa mpaka kufunguliwa, ilichukua kama saa 40. Kila habari hiyo inapotajwa, mabwenini na hata baada ya swala ya Ijumaa, husikia swali moja: gharama yote hiyo kwa ajili ya wanyama, na sisi wengine ada hatujamaliza? Jibu linalotolewa kila mara ni neno moja tu, utalii. Ni jibu la kweli, lakini fupi mno. Linamfanya kifaru aonekane kama picha ya ukutani, kitu cha kutazamwa na wageni, wakati kazi yake kubwa ni kula. Swali la ada nalo si la kudharauliwa, na mwenye kuliuliza anagusa jambo ambalo fikihi yetu ililizungumza kabla hakujawa na hifadhi hata moja duniani. Nitalifikia. Kwanza tuanze chini, kwenye udongo.

Nyasi zimeumbwa ziliwe

Chukua mche wa mti na unyasi mmoja, uvikate vyote viwili nusu. Mche utateseka, kwa sababu sehemu inayokua iko kileleni, na wewe umeikata. Unyasi hautajali sana. Sehemu yake ya kukua iko chini kabisa, karibu na udongo, imefichwa ndani ya maganda ya majani. Ukikata juu, jani linasukumwa tena kutoka chini. Mwenye kufyeka uwanja wa shule anajua habari hii kwa mgongo wake: wiki mbili tu, na panga linahitajika tena.

Sasa ziache nyasi hizo bila kuliwa mwaka mzima. Zinarefuka, zinakomaa, zinakuwa mabua. Mabua makavu yanasimama juu ya machipukizi na kuyanyima jua. Katika nchi zenye kiangazi kirefu mabua hayo hayaozi upesi, maana wadudu na vijidudu vinavyoozesha vinahitaji unyevu. Yanabaki yamesimama, ya rangi ya kijivu, mpaka moto uje. Surat al-A'laa, katika aya ya nne na ya tano, inamtaja Mola aliyeotesha malisho kisha akayafanya makavu meusi. Nimeisoma sura hiyo katika swala tangu utotoni, lakini nilipoanza kusoma ikolojia ndipo nilipotambua kwamba inazungumzia jambo ambalo wataalamu wa malisho wanashughulika nalo kila siku: nini kinatokea kati ya kijani na kikavu, na nani anapita katikati yao.

Anayepita ni mnyama. Tumbo la nyati au la ng'ombe ni kama pipa kubwa lenye joto na unyevu hata wakati nje kumekauka, na ndani yake wamo bakteria wasiohesabika wanaovunja nyasi ngumu. Kitu ambacho kingekaa ardhini miezi mingi bila kuoza kinapita tumboni kwa siku mbili tatu na kutoka kikiwa samadi. Mende wa samadi wanaizika ardhini, na mvua inayofuata inaikuta tayari. Surat an-Nahl, aya ya 66, inatuelekeza tutafakari matumbo ya mifugo na maziwa yanayotoka humo. Mara nyingi wahadhiri wetu huishia kwenye maziwa, na ni haki yao, lakini kinachobaki baada ya maziwa nacho kina darasa lake.

Moto ukifika kabla ya mnyama, mambo ni mengine. Sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwa katika nyasi inapanda na moshi, na kinachobaki ni majivu na udongo ulio wazi. Sisemi moto ni adui wa mbuga. Mbuga za Afrika zimeungua tangu zamani, na wafugaji wetu huchoma kwa makusudi ili wapate chipukizi. Nasema tu kwamba mdomo na moto vinagombea chakula kimoja, na kimoja kikipungua kingine kinashiba.

Si midomo yote ni sawa, kwa hiyo tutofautishe. Kifaru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, anaokota nao majani na vitawi vya vichaka. Kifaru mweupe ana mdomo mpana ulionyooka, na anakula nyasi kwa kuzikata karibu kabisa na ardhi. Mnyama mwenye uzito wa zaidi ya tani mbili, anayekula hivyo mchana na usiku, anatengeneza viwanja vya nyasi fupi ambavyo swala na nyumbu wanavifuata, kwa kuwa hapo nyasi ni changa na adui anaonekana kutoka mbali. Katika hifadhi ya Hluhluwe-iMfolozi huko Afrika Kusini, watafiti waliangalia maeneo ambayo vifaru weupe walikuwa wameondolewa. Kwenye sehemu zenye mvua zaidi nyasi zilirefuka, na moto ukawa unasambaa eneo kubwa zaidi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu vile viwanja vifupi vilivyokuwa vikiukata njia vilikuwa vimetoweka. Mnyama mmoja kuondoka, na tabia ya moto inabadilika.

Sotoka

Mfano mkubwa kuliko yote uko jirani yetu Tanzania, na ajabu yake ni kwamba hapakuletwa mnyama hata mmoja.

Mnamo mwaka 1890 ugonjwa wa sotoka ulienea Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Uliua ng'ombe kwa wingi usioelezeka, pamoja na nyati na nyumbu. Wazee wa jamii za wafugaji waliuhesabu kama mwisho wa dunia yao, kwani familia iliyolala na zizi iliamka na mizoga. Nyasi zikakosa walaji. Vichaka vikapanda, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o, na pamoja na mbung'o malale ya watu na ya mifugo. Maeneo mengi yaliyohamwa wakati ule wageni waliyaona baadaye wakayaita pori lisilo na watu. Hapa pana mlango wa historia ambao ningependa mwanafunzi wa historia aufungue vizuri katika toleo lingine.

Miaka ya 1950, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo nzuri ya sotoka. Ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa, nani angewakamata? Lakini ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yao, ulitoweka pia kwa nyumbu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Mwaka 1977 walikuwa wamefika kama 1,300,000.

Midomo milioni moja iliyoongezeka ilikula nyasi zilizokuwa zikiungua kila mwaka. Eneo lililoungua likapungua sana. Miche ya miti iliyokuwa ikifa kwa moto ikapata nafasi ya kupita kimo cha hatari, na miti ikaongezeka katika sehemu kubwa ya Serengeti. Twiga wakapata chakula. Watafiti waliopiga hesabu ya kaboni walisema kwamba mbuga iliyokuwa ikitoa kaboni hewani iligeuka ikawa inaihifadhi. Yote hayo yalitokana na sindano alizochomwa ng'ombe wa mfugaji, ambaye mara nyingi anatajwa kama adui wa wanyamapori. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina tena sotoka.

Nimekaa juu ya mfano huu kwa sababu unatuondolea dhana kwamba kurudisha wanyama ni lazima ndege na masanduku. Wakati mwingine ni kuondoa kilichowazuia.

Mburo na Akagera

Sasa tuje nyumbani, sehemu zinazopakana na maisha yetu.

Ziwa Mburo, magharibi mwa Uganda, ni nchi ya Bahima na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. (Neno hima katika Kiarabu, tutakalolieleza hivi punde, halina uhusiano na jina lao, wala na hima ya Kiswahili yenye maana ya haraka. Rafiki yangu wa Mbarara hakubali, lakini hana ushahidi.) Wakati wa ukoloni, katika vita dhidi ya mbung'o, wanyamapori wa Ankole walipigwa risasi kwa wingi ili mbung'o wakose damu. Mwaka 1983 eneo la Mburo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa na wafugaji wakafukuzwa bila maandalizi. Vita vya miaka ile vilipogeuza mambo, watu walirudi wakiwa na hasira, wakaharibu majengo ya hifadhi na kuua wanyama wengi. Serikali mpya ikapunguza eneo hilo mwaka 1987 kwa zaidi ya nusu.

Matokeo kwa upande wa nyasi ni haya: tembo hawapo, ng'ombe wameondolewa, moto unazuiwa. Mgunga mdogo unaoitwa Acacia hockii umejaa kila mahali, na uwanda wa nyasi unafunikwa. Mwaka 2015 Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilihamisha twiga 15 kutoka Murchison Falls mpaka Mburo, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba twiga watakula migunga. Naunga mkono kuletwa kwao, lakini tusidanganyane. Twiga anachuma majani, hang'oi shina. Kazi ya kungusha mti na kuvunja kichaka ni ya tembo, na kazi ya kuzuia mche usiote katikati ya nyasi ni ya moto na midomo mingi. Twiga 15 hawawezi kufanya kazi ya tembo, ya ng'ombe na ya moto kwa pamoja.

Akagera ni kisa kirefu zaidi. Ilianzishwa mwaka 1934. Mwaka 1975 tembo wa Bugesera walionekana hawawezi tena kukaa pamoja na wakulima waliokuwa wakiongezeka. Wakubwa waliuawa, na wadogo 26 wakasafirishwa mpaka Akagera. Tembo waliopo Akagera leo ni kizazi cha mayatima wale. Twiga sita waliletwa kutoka Kenya mwaka 1986. Kisha ikaja 1994 na yote tunayoyajua. Baada ya hapo wakimbizi wa miaka mingi walirudi nchini kutoka Uganda na Tanzania pamoja na ng'ombe wao, na walihitaji mahali pa kukaa. Mwaka 1997 hifadhi ilikatwa, ikabaki na kilomita za mraba 1,100 hivi, chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali. Simba wakatiwa sumu mpaka wakaisha. Kifaru mweusi wa mwisho alionekana mwaka 2007.

Mwaka 2010 Bodi ya Maendeleo ya Rwanda iliingia ubia na shirika la African Parks. Uzio wa kilomita 120 ukakamilika mwaka 2013. Simba saba wakaja mwaka 2015, vifaru weusi 18 mwaka 2017, wengine watano kutoka bustani za wanyama za Ulaya mwaka 2019, na wale weupe 30 mwaka 2021. Wanyama wakubwa waliohesabiwa mwaka 2010 hawakufika 5,000. Kabla miaka kumi haijaisha walikuwa wamepita 12,000, na wengi wao hawakuletwa na mtu. Walizaana tu walipoacha kuwindwa.

Hapa naomba tuwe waangalifu na maneno. Kifaru mweusi na simba walirudishwa, maana walikuwepo. Kifaru mweupe wa kusini hakuwahi kuishi Rwanda, aliletwa. Huko Garamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, kuna jambo la katikati. Garamba ilikuwa makao ya mwisho ya porini ya kifaru mweupe wa kaskazini, na alionekana huko kwa mara ya mwisho mwaka 2006. Wa kaskazini waliobaki duniani wanaojulikana ni majike wawili, mama na binti yake, wanaolindwa Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa mwaka 2018. Mwezi Juni 2023 vifaru weupe wa kusini 16 walipelekwa Garamba kushika nafasi ya ndugu zao. Kazi ni ileile, mdomo ni uleule, damu ni tofauti kidogo. Kwa Garamba nakubali: nyasi zake ndefu zilimzoea mlaji wa namna hiyo, na pengo lipo. Kwa Akagera nina shaka zaidi. Sababu iliyo na nguvu huko ni kumpa kifaru makazi salama mbali na majangili wa kusini, na hiyo ni sababu njema, ila tusiiite ukarabati wa mbuga mpaka nyasi zenyewe zipimwe miaka kadhaa.

Malisho ya wote, na malisho yaliyofungwa

Nafika kwenye swali la ada, ambalo kwa kweli ni swali la haki.

Katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) aliwafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Malisho ya porini hayana mwenyewe. Hata zakat ya mifugo imejengwa juu ya jambo hili: kwa wanazuoni wengi inawajibika kwa mnyama anayejilisha mwenyewe katika malisho ya wazi sehemu kubwa ya mwaka, na wala si kwa yule anayelishwa kwa gharama ya mwenyewe. Ng'ombe 30 wakifika mwaka, hapo unatoa ndama wa mwaka mmoja. Ardhi imekulisha mali yako bure, basi toa.

Kama ni hivyo, nani mwenye haki ya kuweka uzio?

Kabla ya Uislamu mkubwa wa kabila alikuwa na njia yake. Imam Shafi'i ameeleza kwamba mtu mwenye nguvu alikuwa akifika mahali penye rutuba, anampandisha mbwa kilimani abweke, na sauti inapokoma kila upande ndipo mpaka wake. Ndani ya mpaka huo analisha yeye peke yake, na nje yake analisha pamoja na wengine. Hiyo ndiyo iliyoitwa hima. Mtume (s.a.w.) aliivunja. Katika hadithi ya Sa'b bin Jaththama iliyo katika Sahih al-Bukhari, alitangaza kwamba hima haiwi ya yeyote ila ya Allah na Mtume wake. Kisha yeye mwenyewe akaifunga sehemu ya Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya wanyama wa Waislamu wote. Neno lilibaki, maana yake ikapinduliwa: kutoka uzio wa mkubwa kuwa uzio wa umma. Mafakihi waliofuata, na al-Mawardi ana mlango mzima wa suala hili katika kitabu chake cha hukumu za utawala, walijadili nani anaweza kuifunga, kwa maslahi ya nani, na kwa kiasi gani ili watu wasibanwe.

Lakini fikihi hii inaonekana vizuri zaidi kwa Sayyidna Umar (r.a.), aliyeifunga Sharaf na Rabadha. Alimweka Hunayy, mtu aliyekuwa amemwacha huru, awe msimamizi wa hima, na wasia aliompa uko katika Sahih al-Bukhari. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache aingie. Na akamtahadharisha na makundi ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hao ni maswahaba wakubwa, wamebashiriwa Pepo! Sababu aliyotoa ni ya kiuchumi kabisa: hao mifugo yao ikifa watarudi kwenye mitende na mashamba yao, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja mlangoni kwa Umar na watoto wake wakilia, na Umar hawezi kumwacha. Maji na majani, alisema, ni rahisi kwake kuliko dhahabu na fedha.

Kisha akasema jambo ambalo sijalisikia likisomwa katika mkutano wowote wa uhifadhi. Alikiri kwamba wenyeji wa ardhi ile wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao, waliipigania zama za ujinga na wakasilimu wakiwa juu yake. Na akaapa kwamba lau si wale wanyama anaowapandisha watu katika njia ya Allah, asingefunga hata shubiri moja ya ardhi yao.

Tazameni mizani hiyo. Hakusema wenyeji ni wajinga wasiojua faida ya hima. Hakusema watafaidika baadaye. Alikiri mzigo walioubeba, akataja haja inayoufanya uwe halali, akaamuru mlango ufunguliwe kwa mwenye kidogo.

Tukiipeleka mizani hiyo kwenye hifadhi zetu, tunakuta mambo mawili matatu ya kupima. Rwanda inatenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa miradi ya vijiji jirani. Uganda sheria inataka asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhi irudi kwa majirani. Hayo ni mema. Lakini darasa la shule lililojengwa kwa fedha hizo linamfikia mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi wanne kwa usawa, wakati hasara ya kiangazi haiwafikii kwa usawa. Mjomba wangu anafuga Kayonza, si mbali na uzio wa Akagera. Ananiambia kabla ya uzio nyati walikuwa wakimlia maharage, na sasa analala. Ila mwezi Agosti, ng'ombe wake wakionyesha mbavu, anaona kwa macho nyasi zilizosimama upande wa pili. Simshawishi kwamba nyasi zile si nyasi.

Na ng'ombe ni mdomo

Kinachonifanya nisikate tamaa ni kwamba sayansi yenyewe haimweki mfugaji upande mmoja na kifaru upande mwingine. Katika kituo cha Mpala, Laikipia, Kenya, tangu mwaka 1995 kuna viwanja vilivyozungushiwa uzio kwa namna mbalimbali: vingine vinaingiwa na ng'ombe tu, vingine wanyamapori tu, vingine wote. Ilionekana kwamba wakati wa kiangazi ng'ombe na wanyamapori kweli wananyang'anyana chakula. Wakati wa mvua mambo yanageuka: ng'ombe waliolisha pamoja na wanyamapori, hasa punda milia, walinenepa zaidi, kwa sababu punda milia wanaondoa mabua magumu na kuacha majani laini. Kumbe ugomvi una msimu.

Kuna na ushahidi wa zamani zaidi. Kusini magharibi mwa Kenya wanaakiolojia walichimba mahali palipokuwa mazizi ya wafugaji kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita. Udongo wa mazizi hayo bado una rutuba kuliko udongo unaouzunguka, na nyasi nzuri zinaota hapo hadi leo, na wanyamapori wanazifuata. Mbuga tunayoiona kuwa ya asili imechorwa pia kwa samadi ya ng'ombe wa watu waliosahaulika majina.

Kwa hiyo napendekeza, na wanaosomea mifugo wanisahihishe, kwamba kwa mahali kama Mburo njia ya kurudisha nyasi si twiga peke yao. Ng'ombe wa majirani wangeweza kuingizwa kwa mpango: idadi inayojulikana, siku zinazojulikana, wakati wa mvua na si wakati wa kugombea, wakilazwa katika mazizi yanayohamishwa ili samadi isambae, na wakianza wenye ng'ombe wachache. Magonjwa ni tatizo la kweli, kupe na homa za nyati si mchezo, na chanjo na josho lazima vitangulie. Tumekwisha kuona Serengeti chanjo ya ng'ombe ilivyoweza kufanya.

Aliyeamini kwamba mnyama akishaletwa kazi imekwisha, aitazame Oman. Choroa wa Uarabuni, yule mnyama mweupe mwenye pembe ndefu zilizonyooka, alikwisha porini mwaka 1972. Wachache waliokuwa wamehifadhiwa walizalishwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, na mwaka 1982 wakafunguliwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis. Waliowalinda ni watu wa kabila la Harasis wenyewe, ambao babu zao walimjua mnyama huyo. Kufikia 1996 walikuwa 450. Ndipo majangili wakaanza kuwakamata wakiwa hai ili wawauzie matajiri wenye bustani za binafsi. Mwaka 2007 walibaki 65, na serikali ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90 kutafuta mafuta. UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi wa dunia, mahali pa kwanza kabisa kuondolewa. Akagera ilikatwa ili aliyekosa nchi miaka 35 apate pa kulala. Ile ya Jiddat al-Harasis ilikatwa kwa sababu nyingine, na bustani za matajiri zile, ukizitazama vizuri, ni mbwa yuleyule anayebweka kilimani.

Katika halaka ya Jumatano ijayo, inshaAllah, tutausoma wasia wa Umar kwa Hunayy kwa Kiarabu chake, neno kwa neno. Nimemwomba dada mmoja wa kitivo cha sheria alete sheria ya wanyamapori ya Uganda na ile ya Rwanda ili tuzilinganishe na masharti ya mafakihi. Aje na mtu wa mifugo pia, na hasa aje yule ndugu wa swali la ada.

Wabillahi tawfiq.